Shule bila hati: tuliyoyapitia kutafuta karatasi za ardhi

Naandika haya kwa mzazi aliyechaguliwa juzi kuingia bodi ya usimamizi ya shule ya msingi kijijini na sasa anajiuliza aanzie wapi. Mimi niliingia nikidhani kazi itakuwa ya mabati, madawati na kugombana juu ya vyoo. Kumbe nilikuwa naelekea kwenye korido za afisi ya ardhi na mahakama mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, kwapani nimebana faili ambalo mume wangu alizoea kuliita mume mwenza.

Shule yenyewe iko upande wa Malava, nchi ya miwa. Jina lake naliacha, maana baadhi ya watu nitakaowagusa hapa bado tunapimiana mahindi sokoni. Ilianza kwa harambee miaka ya sitini, muda mfupi baada ya uhuru. Mzee mmoja alikata upande wa shamba lake akasema watoto wasomee hapo, kanisa likasimamia ujenzi wa madarasa ya udongo, kina mama wakabeba maji na nyasi za kuezekea. Hakuna aliyeandika chochote. Neno la mzee mbele ya wazee wenzake lilitosha, na likaendelea kutosha kwa zaidi ya miaka hamsini.

Kilichotufumbua macho ni Gredi ya 7. Januari 2023 watoto wa kwanza wa mtaala mpya walipofika ngazi hiyo, serikali ilikuwa imeshaamua kwamba sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, itakaa humu humu kwenye shule za msingi. Kwetu Gredi ya 4 na ya 5 tayari zilikuwa zikitumia chumba kimoja, zimegeuziana migongo, walimu wawili wakishindana sauti. Maabara tuliyokuwa nayo ni meza moja na ndoo. TSC, tume ya kuajiri walimu, ikatuletea mwalimu mwanagenzi mmoja, kijana wa hisabati, mshahara wa shilingi 20,000 kabla ya makato, akatakiwa afundishe karibu masomo yote, hata kilimo ambacho watoto wa wakulima wa miwa walikijua kumshinda. Alivumilia, namshukuru mpaka leo.

Tukaomba darasa kwa kamati ya CDF, hazina ya maendeleo ya eneo bunge. Walitaka kumbukumbu za mkutano wa bodi, makadirio ya gharama kutoka kwa wahandisi wa serikali, akaunti ya benki ya mradi, na ithibati kwamba ardhi ni ya shule. Hayo matatu ya kwanza tuliyapata bila taabu kubwa. La nne, mwalimu mkuu alifungua kabati akatoa cheti cha usajili cha wizara, kimekunjwa mara nne, akakiweka mezani kwa fahari. Afisa alikisoma akakirudisha. Cheti kile kinasema shule ipo na inatambuliwa. Hakisemi imesimama kwenye ardhi ya nani.

Tukafanya sachi, yaani kuangalia kwenye rejista ya ardhi kipande kimeandikwa jina la nani. Ndilo jambo la kwanza ningemwambia mtu yeyote anayeingia bodi: kabla hujachangisha hata shilingi, nenda afisi ya ardhi ukafanye sachi ya kipande mnachokikalia. Ada yake ni ndogo, unachohitaji ni nambari ya kipande. Kama hakuna anayeijua, waulize majirani nambari zao, kisha omba kuonyeshwa ramani ya eneo. Utahesabu kutoka kwa jirani hadi kwako. Yetu ilirudi na jina la yule mzee. Shamba lote bado lilikuwa lake, na shule ndani yake, naye alikuwa amezikwa tangu miaka ya themanini. Kisheria watoto wetu zaidi ya mia nne walikuwa wageni kwenye shamba la marehemu.

Na wageni wenyewe walikuwa wameanza kusukumwa. Mjukuu mmoja wa mzee alikuwa akisogeza miwa yake kila msimu, hadi mpira ukivuka goli la upande wa mto unatafutwa ndani ya miwa. Watu waliona ni utani. Mimi pia nilicheka.

Wengi tunakumbuka Januari 2015, polisi walipowarushia vitoa machozi watoto wa Lang'ata Road Primary kule Nairobi waliokuwa wakidai uwanja wao. Rais wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza shule za umma zipewe hati. Huku kwetu tuliitazama habari ile kama mambo ya mji mkubwa, ya matajiri na mahoteli. Shule ya kijijini inapoteza ardhi yake taratibu, mstari mmoja wa miwa kwa msimu, na anayeichukua unamfahamu na mlizika pamoja.

Kwenye bodi kulikuwa na hoja moja iliyokaribia kushinda: tujenge tu, nani atathubutu kubomoa shule? Nasikia hoja hii kila mahali na sipendi inavyosikika kuwa ya busara. Ni kweli huenda hakuna atakayebomoa. Lakini mrithi mmoja tu akienda mahakamani akapata amri ya kusimamisha ujenzi, fundi anaweka chini mwiko, saruji inaganda kwenye mifuko, na pesa za mradi zinarudi zilikotoka. Kuna shule si mbali na kwetu ina kuta za darasa zilizofika usawa wa dirisha, na mihogo imeota ndani.

Tukaunda kamati ndogo ya ardhi: mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja wa kanisa, liguru, yaani mkuu wa kijiji, na mimi kama karani kwa sababu nina duka la pembejeo na nimezoea kuweka risiti. Safari ya kwanza kwa familia tulimchukua chifu. Hilo liliharibu siku. Kuona kofia ya serikali ikiingia boma, walijua tumekuja kuchukua, na yule mjukuu alitutangazia kwamba babu yake alikopesha ardhi, hakuitoa. Tulirudi tena baada ya hasira kupoa, bila chifu, na sukari na mkate mkononi, na tulikaa muda mrefu tukizungumzia mvua na bei ya miwa kabla ya neno shule kutajwa. Mwenyekiti aliomba radhi kwa ile safari ya kwanza. Nawashauri mwanzie hapo kwenye sukari.

Familia ilikuwa na mambo mawili. Kaburi la mzee liko pembeni mwa uwanja na hawakutaka liguswe wala kuzungushiwa ua wa shule. La pili, tangu mzee afe hakuna mtu kutoka shuleni aliyewahi kuwapa hata kiti siku ya mikutano; watoto wa wafadhili na wa diwani wanatajwa, wao wanasimama nyuma na watu wengine. Tuliyaandika yote mawili kwenye kumbukumbu za bodi na kuyapigia sahihi. Kuna mwanachama aliyelalamika kwamba tunahonga. Kwa maoni yangu kumpa kiti mtu ambaye babu yake alikupa ekari mbili na nusu ni adabu iliyochelewa.

Sasa ndiyo tukaja kwenye mirathi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo shule nyingi zinapokwama.

Marehemu hawezi kukuhamishia ardhi. Lazima warithi wake wafungue kesi ya mirathi, wateuliwe wasimamizi, na mgao uthibitishwe na mahakama ukiwa na shule ndani yake. Shule haifungui kesi hiyo. Inafungua familia, na shule kwa kawaida ndiyo inayobeba gharama, maana ndiyo yenye haraka. Cha kwanza kinachotakiwa ni cheti cha kifo. Mzee alikufa nyumbani, enzi ambazo watu hapa walizika kwanza na karatasi hazikukumbukwa kamwe. Ilibidi kifo chake kisajiliwe upya kwa barua ya naibu chifu na ushahidi wa wazee wawili waliokuwa mazishini. Hilo peke yake lilikula muda ambao tulidhani ungetosha kumaliza kila kitu.

Kisha barua ya chifu inayotaja warithi wote. Chifu wetu aliandika vijana wanne wa mzee, wawili kati yao wakiwa marehemu, na watoto wao wa kiume. Ikapigwa muhuri. Wakili, mama mmoja mtulivu pale mjini, aliisoma akauliza: huyu mzee hakuzaa wasichana? Alikuwa nao watatu. Wote wameolewa, na kwa desturi ya huku mtu aliyeolewa ardhi yake iko kwa mume. Wakili akatueleza kwamba Sheria ya Urithi, ile Sura ya 160, haimtofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aolewe asiolewe. Ukiwaficha mabinti, hati ya usimamizi inaweza kufutwa hata miaka baadaye, na hati ya shule ikaanguka nayo. Tukarudi kwa chifu, barua mpya.

Wawili kati ya hao mabinti walipatikana kwa simu. Wa kwanza wa mzee, ajuza wa miaka themanini na kitu, ameolewa upande wa Webuye, hana simu, na ndugu zake walikuwa hawajaenda kumwona tangu ugomvi wa mahari ya zamani ambao hakuna aliyetaka kunisimulia. Nilikwenda na mke wa mmoja wa vijana wa mzee. Tulimkuta anachambua maharagwe. Nilipofika kwenye ile barua ya kwanza ya chifu, iliyokuwa bado ndani ya faili, alinikatiza.

"Kwa hiyo mimi nilikufa lini?"

"Kukhu, tumekuja kuomba msamaha," nikasema, maana nyanya huku tunamwita kukhu.

Hakujibu upesi. Alimaliza maharagwe yake, akaagiza chai, halafu akaanza kusimulia siku baba yake alipopima ardhi ya shule kwa miguu, akihesabu hatua kwa sauti kutoka mti wa mvule hadi kijito, na yeye mwenyewe akifuata nyuma akichomeka vijiti. Alikuwa msichana mkubwa, hakuwahi kusoma hapo. Alibeba maji ya kukandia udongo wa madarasa ambayo kaka zake waliketi ndani yake. Hilo alilisema bila uchungu, au labda uchungu ulikuwa umeshazeeka. Aliweka alama ya kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa, na baadaye hati yake ya kiapo ndiyo iliyomaliza hoja ya mjukuu kwamba ardhi ilikopeshwa. Kama tungefuata barua ya kwanza, shahidi wetu bora tungekuwa tumemwacha nje.

Baada ya hapo ni kusubiri. Tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na watu wana siku 30 za kupinga. Hati ya usimamizi ikishatolewa, kwa kawaida miezi sita ipite kabla ya kuthibitishwa. Tumieni muda huo kuhakikisha jedwali la mgao linaitaja shule kwa jina na kwa ukubwa wa kipande. Jirani zetu walisahau hilo. Mgao ulithibitishwa, kila mrithi akapata chake, na shule ikabaki kuomba upya kwa mtu mmoja mmoja.

Jambo lingine lililotugawanya ni jina litakaloandikwa kwenye hati. Mzee wa kanisa alisema kanisa ndilo lililojenga, basi iwe hati ya kanisa. Ni mtu mwema na alisema kwa moyo safi. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, kwetu kanisa, nafasi tatu kwenye bodi, ushauri wa mambo ya kiroho na jukumu la kusaidia kwa mali. Haimpi ardhi ambayo haikuwa yake. Kama shule yenu imesimama kwenye kiwanja cha kanisa chenye hati ya kanisa, hilo ni jambo lingine na mnahitaji makubaliano yenu. Yetu ilikuwa ya mzee. Ardhi ya shule ya umma huandikwa kwa jina la Waziri wa Hazina ya Kitaifa kama mdhamini wa shule husika. Msikubali iandikwe jina la mwalimu mkuu wala la mwenyekiti, hata kwa muda. Watu hao hustaafu, hufa, na wana warithi.

Kwa kuwa shamba lilikuwa linagawanywa, ilibidi pia tupate kibali cha bodi ya ardhi ya kaunti ndogo, kisha savea, mpima ardhi. Siku ya savea kuweka mawe ya mpaka tuligundua choo cha wasichana kiko nje ya mstari, nusu yake kwenye miwa ya yule mjukuu. Nilimwona akitabasamu. Alikaa kimya kidogo, akawaambia vijana wa savea wasogeze jiwe hatua chache upande wake. Hajawahi kueleza kwa nini, nami sijamuuliza.

Pesa. Wakili alitutoza shilingi 60,000, akakubali kwa awamu. Savea alikuwa karibu 50,000 pamoja na mawe na ada zake za serikali. Ongeza cheti cha kifo, nauli, nakala, chai za mashahidi, hatukutoka chini ya laki moja na nusu. Sehemu kubwa ilitoka kwa wanafunzi wa zamani walioko Nairobi na Nakuru kupitia kundi la WhatsApp. Waliobaki nyumbani walitoa walichokuwa nacho, wengine gorogoro za mahindi ambazo tuliziuza. Kulitokea mwalimu aliyetaka kuwarudisha nyumbani watoto ambao wazazi wao hawajachanga. Tulimkatalia. Elimu ya msingi ya umma haina karo tangu 2003, na sheria ile ile ya 2013 inakataza mtoto kunyimwa masomo kwa sababu ya mchango. Zaidi ya sheria, mzazi ambaye mtoto wake ametimuliwa hatakuja kukutolea ushahidi mahakamani. Kabla ya kutumia pesa hizi zote, lakini, ulizeni kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kwa afisi ya Tume ya Taifa ya Ardhi kama kuna zoezi la kupima ardhi ya shule za umma eneo lenu. Kama lipo na shamba halina utata wa mirathi, mnaweza kuokoa gharama ya savea.

Wakati wa kusubiri hatukulala. Tulianzisha chakula cha mchana, mahenjera, kila mzazi akileta mahindi na maharagwe kwa zamu, na mahudhurio ya watoto wadogo yakapanda waziwazi hata msimu wa kukata miwa. Tukaongeza vyoo, japo bado hatujafika kiwango cha choo kimoja kwa wasichana 25. Haya hayakuhitaji hati.

Kilichonishangaza ni kwamba karatasi nyingine ilikuwa ikitunyonya pesa zaidi na hatukuiona. Serikali ilikuwa ikitoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, lakini ilihesabu walio kwenye NEMIS, mfumo wake wa kompyuta wa kusajili wanafunzi, na kuingia humo kulihitaji nambari ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti anakaa darasani, anakula mahenjera, anafagia, na kwa hazina ya serikali hayupo. Wakiwa 40 tu, ni shilingi 56,800 kila mwaka, karibu ada yote ya wakili wetu. Wengi ni watoto wanaolelewa na nyanya, mama yuko Nairobi au hajulikani alipo, na nyanya anaamini cheti hakipatikani bila kitambulisho cha baba. Baba hahitajiki. Mama ambaye hajaolewa anaweza kumwandikisha mtoto kwa kitambulisho chake mwenyewe.

Hati ilitoka. Tulipiga nakala kadhaa, ya mwalimu mkuu, ya kanisa, ya familia ya mzee, na ya asili tukaiweka benki, kwa sababu kabati la shule lilishaingiwa na mchwa mara moja. CDF wamekubali maombi yetu na msingi wa darasa umechimbwa. Vyeti vya kuzaliwa ndiyo kazi ya sasa. Tumekubaliana na naibu chifu awe anakuja shuleni Ijumaa ya mwisho ya kila muhula, na wazazi wanaombwa waje na kadi ya kliniki au ya chanjo na nakala ya kitambulisho cha mama. Ambaye kadi imepotea, aje na mkunga aliyemzalisha au jirani aliyekuwepo, na aje asubuhi, maana naibu chifu huondoka saa saba kwenda barazani.